Mfuko wa pikipiki: Ubanduliwe na mkono wako, si na matuta

PIKIPIKI siku hizi si chombo cha mhudumu wa bodaboda peke yake. Mwanafunzi huiendea chuoni, baba huiendea kazini, na jioni chombo hicho hicho hutumwa sokoni. Tatizo ni mzigo. Wengi huufunga nyuma ya kiti kwa kamba za mpira, au huubeba mgongoni hadi mabega yakafa ganzi.

Dawa ya adha hii ni mifuko ya ubavuni inayobanduliwa upesi. Wazo lenyewe si geni kwetu. Punda wa Pwani hubebeshwa shogi, yaani mfuko wa ukili unaolazwa mgongoni ukaning'inia pande zote mbili. Tofauti ni kwamba mfuko wa pikipiki hukaa kwenye fremu ndogo ya chuma. Fremu hubaki, mfuko hutoka. Kampuni ya Givi ya Italia, iliyoanzishwa mwaka wa 1978 na Giuseppe Visenzi, aliyekuwa mshindani katika mbio za pikipiki, hutengeneza masanduku magumu ambayo ufunguo mmoja huyafungua na pia kuyabandua. Mifuko ya kitambaa aghalabu hushikwa kwa mishipi na bizimu.

Faida yake ni wazi. Ukifika uendako, unaubandua mfuko na kuingia nao ndani. Vitabu, kompyuta na koti la mvua havibaki nje vikimtamanisha mpita njia.

Hata hivyo, msomaji, kumbuka kwamba kinachobanduka upesi kwa mwenyewe hubanduka upesi kwa mwizi pia. Bizimu haina ufunguo. Usiuache mfuko nje eti unaingia dukani dakika mbili. Tena, mfuko uliofungwa ovyo huweza kung'oka kwenye matuta na kunaswa na gurudumu la nyuma. Likikwama, atakayelala barabarani ni wewe.

Kabla ya kuondoka, yafanye haya. Kwanza, ushike mfuko na kuuvuta juu, kisha nje. Ukicheza, haujaingia mahali pake. Vumbi na matope huziba kufuli, kwa hivyo lisafishe mara kwa mara. Ukishapita barabara mbovu, simama uukague tena.

Pili, sawazisha mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 10 upande mmoja na mkate upande wa pili litaivuta pikipiki katika kila kona. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilo 10 hivi kwa kila sanduku. Vitu vizito viwe chini, vyepesi juu.

Tatu, chunga ekzosi. Nailoni huyeyuka, na mfuko uliokaa mbali ukiwa mtupu huenda ukaigusa ukijaa. Ncha za mishipi nazo zifungwe zisifikie mnyororo wala gurudumu.

Nne, hakikisha mfuko haufuniki indiketa wala haumnyimi abiria pa kuweka miguu.

Ikiwa sanduku la kigeni limekushinda bei, fundi wa jua kali anaweza kukuundia fremu. Mwambie aifunge kwa boliti. Asichomelee chochote kwenye kiunzi cha pikipiki yenyewe, kwani joto huweza kukidhoofisha.

Mwisho ni jambo linalosahauliwa na wengi. Kwa sababu mifuko hii hutoka na kurudi, pikipiki yako si ile ile kila siku. Leo ni nyembamba, kesho ni pana. Pengo kati ya matatu mbili ulilopenya jana bila mifuko, leo litakunasa. Siku ya mzigo, kaa katika foleni kama magari mengine na uanze kufunga breki mapema.

Tahadhari kabla ya hatari. Safari njema, na tukutane Jumapili ijayo.