Saa ya Kufunga Si Kipimo cha Kelele

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tumeifundisha miaka mingi, na leo twaitumia kwa jambo lililo nje ya darasa lakini linaloingia darasani kila asubuhi: makelele ya usiku ya vipaza sauti katika mji wetu wa Kamembe, na swali la nani mwenye haki ya kuyawekea mpaka.

Tuanze na mambo yalivyo. Tarehe 1 Agosti 2023 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba, kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka huo, baa, mikahawa, kumbi za dansi na biashara nyingine zisizo za lazima zifungwe saa saba usiku katika siku za kazi, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Uamuzi ulikuwa mmoja kwa wilaya zote 30. Ulipowadia msimu wa sikukuu wa Desemba, saa hizo zilirefushwa, na safari hiyo pia kwa nchi nzima.

Hatuna ugomvi na nia ya kupunguza usumbufu wa usiku. Ugomvi wetu ni na namna uamuzi huo unavyosomwa huku kwetu, kwani mpaka uliowekwa ili kuzuia umegeuzwa kuwa kibali. Mzazi akienda saa nne usiku kumwomba mwenye baa apunguze sauti, hujibiwa: "Mzee, Serikali imeturuhusu hadi saa saba." Akienda kwa kiongozi wa karibu, huambiwa kwamba saa zimekwisha kupangwa Kigali, hakuna la kuongeza. Hivyo neno la juu limekuwa kizibo cha kinywa cha chini. Lakini yafaa ieleweke kwamba kumwamuru mtu afunge mlango saa saba si kumruhusu apige kelele hadi saa saba. Saa hupima wakati, haipimi sauti.

Tena saa iliyo njema mahali pamoja yaweza kuwa mbaya mahali pengine. Kigali ni mji wa mikutano na wageni, na huenda saa saba huko ni mapema. Rusizi ni wilaya ya mpaka na ya ziwa. Mama anayepeleka nyanya zake Bukavu huamka alfajiri ili awahi mpakani. Mvuvi wa sambaza hushinda usiku kucha juu ya Kivu na taa zake, kisha hulala mchana. Milima yetu nayo ina tabia yake. Katika usiku mtulivu hewa iliyo karibu na maji hupoa kuliko iliyo juu yake, na sauti, badala ya kupotea angani, hupinda ikarudi chini. Ngoma iliyopigwa kwenye ghuba moja husikika kwenye rasi ya pili kana kwamba iko uani. Ni nani mjini Kigali atakayelijua jambo hili asipoambiwa na wanaolilalia?

Na sisi walimu twadai nini katika shauri hili? Twadai masikio ya wanafunzi wetu. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, nasi tukakabidhiwa kazi ya kukifundisha. Kila mwalimu wa hapa ajua kwamba mtoto aliyekuzwa kwa Kinyarwanda hupata taabu kutenganisha r na l. Katika imla "kula" huwa "kura", na "mahali" huwa "mahari". Taabu hii haiponi kwa fimbo wala kwa ubao. Hupona kwa kusikiliza kwa makini, siku baada ya siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, na darasani wakati wa somo zisizidi 35. Mtoto aliyekeshwa na muziki wa jirani huja shuleni na mwili bila masikio.

Watakuwapo wa kutupinga. Watasema kwamba kila wilaya ikitunga kanuni zake, mfanyabiashara hatajua ashike ipi, na viongozi wadogo watawabana wanyonge na kuwaacha marafiki zao. Hoja hii ina uzito. Machi 2018, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, misikiti ilizuiwa kutumia vipaza sauti kwa adhana, na Waislamu wengi walijiuliza kwa nini sauti ya dakika chache ipimwe kwa ukali kuliko muziki wa saa nyingi. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila lililo dogo na la karibu ni la haki. Twasema kwamba dawa ya upendeleo ni kipimo kilicho wazi. Desibeli haiulizi kama sauti yatoka msikitini, kanisani, baa au harusini.

Basi pendekezo letu ni hili. Dola iweke dari: kiwango cha sauti ambacho hakuna mahali popote nchini pa kukivuka usiku. Chini ya dari hiyo, Njyanama ya wilaya iachiwe uwezo wa kuweka saa za mapema zaidi na viwango vya chini zaidi karibu na shule, hospitali na makazi, kwa kanuni iliyoandikwa, iliyotangazwa, na iliyo sawa kwa wote. Jambo hili si geni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziweka kelele miongoni mwa kazi za kaunti, ingawa kanuni za kitaifa za mwaka 2009 zilikuwapo tayari. Nasi nchini Rwanda tuna sera ya kugatua madaraka tangu mwaka 2000. Ikiwa wananchi wanaaminiwa kujadili barabara na maji yao, kwa nini wasiaminiwe kuujadili usingizi wao?

Ndugu walimu, tusingoje wengine waseme. Lugha yenyewe imetupa maneno: sauti, mlio, mshindo, kelele, ghasia. Kila moja lina mahali pake, na sheria isiyojua kuyatenganisha haiwezi kuhukumu kwa haki. Tuyafundishe darasani, kisha tuyapeleke mbele ya Njyanama. Pale ndipo wanafunzi wetu watakapoona faida ya kutofautisha kula na kura.