Vilabu vya London

Wajua kuwa kilabu cha pombe si mahali pa kunywa tu. Ndipo mtu apatapo habari: nani amefiwa, nani anauza ng'ombe. Leo nakueleza vilabu vya namna nyingine katika mji wa London, walikokutana wanaume wapendao wanaume wenzao, na wanawake wapendao wanawake.

Habari hizi ni za zamani. Mwaka 1726 askari walivamia nyumba ya Margaret Clap, mtaani Holborn, wakakamata watu wapata 40. Watatu kati yao walinyongwa. Baadaye adhabu ya kunyongwa iliondolewa, bali kifungo kilibaki. Kwa hiyo watu walikutana kwa siri, tena wengine walisema kwa maneno ya mafumbo yaitwayo Polari, ili mgeni asielewe.

Mwaka 1957 kamati ya Sir John Wolfenden iliishauri serikali ilegeze sheria. Mwaka 1967 Bunge likakubali, lakini kwa wanaume waliotimiza miaka 21, tena faraghani tu. Kilabu si faragha. Basi polisi hawakuacha kuvamia. Mwezi Januari 1987 waliingia Royal Vauxhall Tavern wamevaa glavu za mpira, kwa kuogopa ukimwi, ingawa ugonjwa huo hauambukizwi kwa kumshika mtu mkono.

Msiba mkubwa ulikuja tarehe 30 Aprili 1999. Bomu lililojaa misumari lililipuka katika kilabu cha Admiral Duncan, mtaani Soho. Watu 3 walikufa, mmoja wao mama mja mzito. Je, aliyelitega alikuwa na chuki na hao tu? Sivyo. Katika wiki mbili zilizotangulia alikuwa ametega bomu Brixton, wakaapo watu weusi wengi, na jingine Brick Lane, wakaapo Wabengali. Atiaye moto paa la jirani hachagui nyumba itakayofuata.

Siku hizi sheria haiwabani tena, lakini vilabu vyenyewe vimepungua. Mwaka 2006 vilikuwa 125. Mwaka 2017 vilibaki 53. Kodi ya nyumba imepanda, majengo yanajengwa upya, na vijana hutafutana kwa simu.

Hata hivyo Royal Vauxhall Tavern ipo. Mwaka 2015 iliandikwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria. Nyumba ile ile iliyovamiwa na serikali, leo serikali yakataza isibomolewe.