Rubani wa ndege nyuki si mpiga picha wa harusi

NGANO ya Basotu inapoanza kutia maziwa kwenye punje, mkulima wa Hanang hukosa usingizi. Anajua kwamba wakati wowote kweleakwelea wanaweza kushuka shambani kama wingu, na wakishaondoka kinachobaki ni mabua.

Wataalamu wa kilimo wanakadiria kuwa kweleakwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, ambalo si kundi kubwa kwa viumbe hao, linaweza kumaliza tani 10 kwa siku moja. Hayo ni magunia 100 ya kilo 100, na hapo bado hayajahesabiwa yale yanayopukutishwa chini bila kuliwa.

Kwa miaka mingi silaha ya mkulima mdogo imekuwa kombeo, debe bovu la kugonga na watoto wanaotolewa shuleni kwenda kuamia ndege. Silaha ya Serikali imekuwa ndege ya kunyunyizia sumu, hasa ile ya Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki (DLCO-EA), lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1962. Tatizo ni kwamba shirika hilo ni la nchi kadhaa, na ndege zake huhitajika Kenya, Ethiopia na kwingineko. Kweleakwelea hawasubiri zamu.

Ndiyo maana ujio wa ndege nyuki, yaani ndege ndogo zisizobeba rubani, umepokewa kwa matumaini. Wizara ya Kilimo, kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) yenye makao makuu Arusha, imeanza kuzitumia dhidi ya visumbufu hivyo. Lakini mjadala wote umekuwa juu ya chombo: bei yake, ukubwa wa tangi lake na betri yake inadumu dakika ngapi. Anayekirusha chombo hicho hazungumzwi.

Hilo ndilo kosa ambalo majeshi makubwa ya dunia yaliwahi kulifanya, na yakalipa gharama kulirekebisha.

Jeshini walianza kwa dharau

Marekani ilipoanza kurusha makombora kutoka kwenye ndege za Predator huko Afghanistan mwaka 2001, waliokuwa wakiziongoza hawakuhesabiwa kuwa marubani kamili na wenzao. Walikaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi, mbele ya skrini, mara nyingi katika jimbo la Nevada, maelfu ya kilomita kutoka vitani. Wengi walikuwa wametolewa kwenye ndege za kawaida na waliona kazi hiyo kama adhabu.

Februari 2013, Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyo, Leon Panetta, alitangaza nishani mpya ya kuwatambua watu wa aina hiyo. Maveterani walikuja juu, wakisema haiwezekani mtu aliyekaa kwenye kiti apewe nishani ya juu kuliko aliyemwaga damu. Miezi miwili baadaye mrithi wake, Chuck Hagel, akaifuta.

Hata hivyo, kazi yenyewe haikusubiri nishani. Mahitaji yaliongezeka, marubani wakachoka na wakaanza kuacha kazi. Jeshi la Anga la nchi hiyo likalazimika kuanzisha mafunzo ya moja kwa moja kwa vijana ambao hawajawahi kurusha ndege ya kawaida, na kufikia mwaka 2017 lilikuwa likitoa bonasi ya hadi dola 35,000 kwa mwaka kwa rubani wa aina hiyo anayekubali kuongeza mkataba.

Aidha, utafiti wa kitabibu wa jeshi hilo uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa marubani hao hupata matatizo ya akili kwa viwango vinavyokaribiana na vya marubani wanaoingia vitani kwa miili yao. Rubani wa Predator humtazama mtu kwa saa nyingi, akamwona akicheza na wanawe, kisha akaamriwa afyatue. Kukaa mbali hakumwondolei mtu uzito wa anachokifanya.

Leo hakuna anayecheka tena. Februari 2024 Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine alitia saini amri ya kuunda kikosi kizima cha jeshi kwa ajili ya vyombo visivyo na rubani ndani yake. Katika nchi hiyo inayolima ngano kwa wingi, ndege kubwa za kunyunyizia dawa mashambani zimegeuzwa kuwa za kudondosha mabomu usiku.

Vita hiyo si ya mbali

Msomaji wa Katesh au Dongobesh asidhani hayo ni mambo ya Ulaya pekee. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha ndege zake za kwanza za uchunguzi zisizo na rubani mjini Goma, mashariki mwa Congo. Wakati huo Watanzania walikuwa ndani ya Brigedi Maalumu ya umoja huo, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ, ambayo mwezi mmoja kabla ilikuwa imesaidia kuwashinda waasi wa M23. Walioongoza ndege hizo Goma walikuwa wataalamu wa kukodi kutoka kampuni iliyozitengeneza.

Mwaka 2021 Ethiopia ilitumia ndege za aina hiyo kubadili mwelekeo wa vita ya Tigray. Januari 2020, Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa Manda Bay, Lamu, miongoni mwa Wamarekani watatu waliouawa walikuwamo marubani wawili wa kukodi waliokuwa kwenye ndege ya upelelezi.

Fundisho hapo ni moja. Nchi inayonunua chombo bila kuandaa mtu wake wa kukirusha hubaki ikikodi watu wa nje, na siku wakiondoka, chombo hugeuka kuwa pambo.

Somo kwa Hanang na Mbulu

Hanang inalifahamu somo hilo kuliko wilaya nyingi. Mashamba saba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyochukua zaidi ya ekari 70,000, yalifunguliwa kwa msaada wa Canada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Yalikuja na matrekta, mashine za kuvunia na wataalamu. Wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao bora, na Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani. Ufadhili ulipokoma, mashine zilianza kukosa vipuri na mashamba yakaishia kubinafsishwa. Teknolojia ilikuja, lakini haikuota mizizi.

Ndege nyuki zinaweza kufuata njia hiyo hiyo. Katika maeneo mengi kijana anayeirusha anajulikana kama mpiga picha wa harusi. Anaitwa, anarusha, analipwa, anaondoka. Hakuna anayemuuliza kama anajua kusoma upepo, kupima dawa kwa ekari au kutofautisha shamba la ngano na mzinga wa nyuki ulio pembeni yake.

Kunyunyizia si sawa na kupiga picha. Dawa inayotumika kuua kweleakwelea, fenthion, ni sumu kali kwa ndege wengine na haifai kumgusa binadamu. Upepo wa Bonde la Ufa ukiisogeza mita chache tu, inaangukia kisima, ng'ombe wa mfugaji au chakula cha jirani. Yapo pia maeneo ambako watu huwanasa kweleakwelea na kuwala. Rubani asiyejua kutangaza mapema kuwa eneo limepuliziwa anaweza kuleta msiba.

Kwa upande wa Mbulu, hoja ni nzito zaidi. Mashamba ya vitunguu saumu, maharage na ngano kwenye miteremko ya nyanda za juu ni madogo na yamegawanyika. Ndege ya kawaida haiwezi kuyahudumia bila kumwaga dawa kwa wasiohusika. Mkulima hubaki na bomba la mgongoni la lita 15 au 16, anapanda na kushuka mlima, mara nyingi bila barakoa. Ndege nyuki inayobeba lita 10 hadi 16 hufanya kazi hiyo bila mtu kuvuta mvuke wa dawa, ilimradi anayeiongoza awe fundi kweli.

Wananchi wa huko wanajua rubani ni nani. Kwa miaka mingi ndege ndogo za shirika la MAF zimekuwa zikitumika Haydom, na anayezirusha hupewa heshima kwa sababu maisha ya watu yamo mikononi mwake. Rubani wa ndege nyuki naye ameshika afya na kipato cha watu, tofauti ni kwamba miguu yake iko ardhini.

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. JWTZ na vyombo vingine vilifanya kazi kubwa ya uokoaji. Wilaya yenye mlima kama huo inahitaji vijana wake wanaoweza kuukagua kutoka angani kila msimu wa mvua, badala ya kusubiri wageni baada ya maafa.

Hofu ya usalama ni ya haki

Wapo wanaolalamika kwamba vibali ni vingi. Kanuni za mwaka 2018 zinamtaka mrushaji asajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na kibali cha Wizara ya Ulinzi nacho kinahitajika. Mwenye ekari nne anaona huo ni mlolongo usio na tija.

Lakini chombo kinachobeba lita 10 za dawa kinaweza kubeba kilo 10 za kitu kingine, na Ukraine imelithibitisha hilo. Dola kuwa macho ni jambo la haki. Jibu la hofu hiyo ni kuwa na rubani anayejulikana kwa jina, leseni na kituo chake cha kazi. Mtu huyo ni rahisi kumwamini na pia kumwajibisha, kuliko kundi la vijana wanaorusha kwa kificho.

Nini kifanyike

Kwanza, halmashauri za Mbulu na Hanang ziwe na marubani wao walioajiriwa, wakifanya kazi chini ya maofisa kilimo, badala ya kukodi kila msimu.

Pili, vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) vinunue chombo kwa pamoja na kugharamia mafunzo ya kijana mmoja au wawili kutoka kijijini. Vibarua wa kupulizia wapewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa ndio watakaopoteza kazi na ndio wanaojua dawa.

Tatu, VETA na JKT ziifanye fani hii kuwa ya kudumu. Hilo linawezekana: Zanzibar, katika mradi wa kupima visiwa ulioanza mwaka 2016, iliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA). Rwanda nayo, tangu Oktoba mwaka huo, inasafirisha damu kwa ndege hizo ikitegemea pia vijana wake.

Nne, vibali vya kilimo vitolewe kwa msimu mzima na kwa eneo la kata, ili kweleakwelea wakitua Jumatatu, rubani asisubiri karatasi hadi Ijumaa.

Majeshi yalichelewa zaidi ya miaka 10 kukubali kwamba aliyekaa kwenye kiti naye ni rubani. Mkulima wa Basotu hana miaka 10 ya kusubiri, kwani punje ya ngano hutia maziwa kwa siku chache tu, na kweleakwelea wanazijua siku hizo.