Gobore lililokatwa nalo ni bunduki

Vijijini Magu na Busega, viboko wakishaingia kwenye mpunga usiku, haipiti muda mtu ataanza kusifia gobore. Siku hizi husifiwa hata lile fupi, lililokatwa mtutu, linaloingia chini ya koti.

“Si bunduki, ni la kienyeji.” Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijali kama limetoka kiwandani au kwa mhunzi. Bila leseni, ni kesi.

“Baruti yake dhaifu.” Dhaifu kwa nani? Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipiganwa kwa sehemu kubwa na bunduki za kupakia mdomoni. Tena mitutu yao ilikuwa ya kiwandani. Ya mhunzi wetu huenda ni bomba la maji, lenye mshono wa kuchomelea ubavuni, lililokusudiwa kufikisha maji kwenye tangi. Gololi isiposhindiliwa ikakalia baruti, ule uwazi wa katikati waweza kupasua hata mtutu mzima. Na anayepima baruti kwa kiganja, gizani, anabahatisha tu.

“Likigoma, lipakie upya.” Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Baruti hunywa unyevu, na ziwani unyevu haukosekani. Fataki ya kuwashia baruti inalia, halafu kimya; mwenyewe anageuza mtutu achungulie. Kumbe baruti inafuka polepole, na yaweza kulipuka sekunde kadhaa baadaye. Walenga shabaha wa Ulaya na Marekani wanaotumia silaha hizi hufundishwa kuuacha mtutu ukitazama mahali salama kwa dakika moja au zaidi kabla ya kugusa chochote. Kupakia upya ni kushindilia baruti ya pili juu ya ya kwanza. Hata likilia vizuri, cheche zaweza kubaki ndani zikisubiri baruti mpya.

“Fupi halina shida, unalimudu kwa mkono mmoja.” Refu ni vigumu kujielekezea bila kujua. Fupi likigeuka kidogo tu kiganjani, linatazama paja lako au mtoto aliyekaa pembeni. Mtumbwini, nyundo ikigongwa na kasia, fataki hulia bila mtu kugusa kifyatulio.

“Babu alitumia, hakudhurika.” Rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo aliyefariki 1884, nao walibeba magobore. Hadithi tulizonazo ni za waliorudi. Vidole vyao hakuna aliyevihesabu.

Viboko waripotiwe ofisi ya kijiji, iwaite askari wa wanyamapori. Na kama gobore liko darini na baruti ndani, usilipakue wala usilipakie kwenye bodaboda kulipeleka kituoni. Piga 112, polisi waje walichukue.