Saa ya mitikasi si saa ya ukumbini!

 

Leo tuongee mambo ya saa za mkono, tena zile za bei mbaya. Chanzo ni kijana mmoja wa Temeke aliyenitupia swali: "Dada, naoa Desemba. Nina akiba ya miaka mitatu na nimepania kununua saa moja ya maana, niivae harusini halafu niendelee nayo kazini. Ninunue ipi?" Akaongeza kwamba marehemu baba yake alimwachia saa ya kujaza kwa mkono, ila imesimama, iko kabatini, na anaona noma kuivaa kwa kuwa ni ya kizee.

Kaka yangu, usitoe mshiko kabla hujanisoma mpaka mwisho!

Vijana wengi wanadhani saa ghali ni ghali tu, unaivaa popote na unauza sura. Si hivyo. Hata matajiri wenyewe wanazo za mitikasi ya kila siku na zao za shughuli, na kila moja imetengenezwa kwa kazi yake.

Tuanze na za mitikasi. Hapa anayetesa ni Rolex Submariner. (Nasema saa, maana ukiwa Kampala ukaagiza rolex utaletewa chapati iliyoviringishiwa mayai!) Ilitoka miaka ya 1950 kwa ajili ya wapiga mbizi. Za sasa zinavumilia maji hadi mita 300, mwili ni chuma kisichoshika kutu, na kioo ni yakuti ya kiwandani. Kwenye kipimo cha ugumu, almasi ina 10, yakuti 9, na mchanga kama 7. Yaani mchanga wa Coco Beach unapita juu ya kioo hicho bila kuacha alama. Mshindani wake ni Omega Seamaster, ile ambayo James Bond ameivaa tangu filamu ya GoldenEye ya mwaka 1995.

Halafu ipo Omega Speedmaster, iliyofika mwezini mwaka 1969 mkononi mwa Buzz Aldrin. Sifa kubwa hiyo, lakini za leo nyingi zimeandikwa mita 50 tu za maji. Mwezini hakuna masika, mtu wangu.

Na hapo kwenye mita ndipo wengi wanapoumia. Saa iliyoandikwa mita 30 haina maana uzame nayo mita 30. Hiyo ni ya kunawa mikono na manyunyu basi. Kuogelea kwa raha anza na mita 100.

Sasa njoo kwenye za shughuli. Mkubwa wao ni Calatrava ya Patek Philippe, iliyotoka mwaka 1932. Ni duara jembamba, mishale miwili mitatu, hakuna makorokoro. Ipo Reverso ya Jaeger-LeCoultre ya mwaka 1931, iliyobuniwa kwa ajili ya wachezaji wa polo waliochoka kuvunja vioo, ndiyo maana uso wake unageuzwa ukatazama chini. Na dada zangu, ipo Cartier Tank, iliyobuniwa mwaka 1917, ambayo Jackie Kennedy na Princess Diana waliivaa wakapendeza kabisaa.

Siri ya saa za shughuli ni wembamba. Inateleza chini ya mkono wa shati, inachungulia kidogo unapomlisha bibi harusi keki, halafu inajificha. Submariner na suti itakwama kwenye kifungo cha shati na kutunisha mkono kama una uvimbe. Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mkanda wa ngozi ufanane na viatu. Lakini ngozi na jasho la Dar haviivi chungu kimoja. Vaa kila siku kwenye joto la Februari uone kama haitanuka na kuoza. Saa ya ngozi ni ya jioni, ukumbini kwenye kiyoyozi. Mchana vaa chuma au mpira.

Kwa kaka zangu Waislamu, dhahabu kwa mwanaume hairuhusiwi, na ile nyeupe nayo ni dhahabu vilevile, muuzaji asikuzuge. Chukua ya chuma. Na jamani, msibani acha mambo ya kung'aa. Watu wanalia, wewe unaangalia saa!

Jingine ambalo wauza duka hawalitaji: saa inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono ukiiweka kabatini inasimama baada ya siku mbili tatu. Kwa shughuli, bora ya kujaza kwa mkono au ya betri. Unavaa shati, unajaza saa yako taratibu, unatoka.

Na usidhani ghali ndiyo inayokwenda sawasawa zaidi. Saa ya Uswisi yenye cheti cha usahihi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Ya betri ya kawaida hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima! Mjapani alilimaliza hilo tangu Desemba 1969, Seiko alipotoa Astron.

Haya, turudi kwa kijana wetu. Submariner mpya inazidi dola 8,000, na Calatrava usiulize. Kuzihudumia nako ni gharama kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Halafu utapanda nayo daladala ya Mbagala? Vibaka hawaulizi imetoka Uswisi au ni feki, wanavuta mkono.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mitikasi chukua G-Shock ya Casio, iliyoanza mwaka 1983 kwa lengo la kuanguka mita 10 isivunjike, nyingi zinavumilia maji mita 200. Akiba inayobaki lipa kodi ya nyumba na ununue kitanda. Mkeo atalala kwenye kitanda, hatalala kwenye saa.

Na ukumbini vaa ya mzee. Saa ya kujaza ikisimama mara nyingi haijafa, mafuta yamekauka tu. Mpelekee fundi mzoefu aifungue, aisafishe, aitie mafuta. Mwambie asibadilishe uso wala asiisugue ing'ae, alama zile ni za mkono wa baba yako. Wewe badilisha mkanda tu.

Wageni watakuja na saa zao za mamilioni, za kweli na za kuazima. Lakini shangazi zako wakiiona ile mkononi mwako siku hiyo watajua mzee kahudhuria. Duka gani linauza hiyo?

Tukutane wiki ijayo. Usichelewe!