Damu, upanga na haki: tujibu nini juu ya adhabu ya kifo?



Baada ya mazishi ya baba mmoja wa kartie yetu aliyeuawa na wezi usiku, mjane wake aliniuliza: « Pasta, waliomuua mume wangu wakiuawa na serikali, nitakuwa na dhambi nikifurahi? » Sikumjibu haraka. Swali hilo ni la nchi nzima.

Tarehe 13 Machi 2024, Waziri wa Sheria alitia sahihi waraka wa kurudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo. Adhabu hiyo haikuwa imefutwa. Korti ziliendelea kuitoa, lakini tangu mwaka 2003 haikutekelezwa. Waraka unataja usaliti katika jeshi, na pia ujambazi wa mijini unaoleta vifo. Wengi walishangilia. Tunawaelewa: watu wamechoka kuzika.

Wanaoiunga mkono wana Maandiko. Mwanzo 9:6 inaonyesha uzito wa damu ya mtu, kwa kuwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Warumi 13 inampa mtawala upanga. Tusiyafiche hayo. Lakini Mungu yuleyule alimtia Kaini alama ili asiuawe. Na Hesabu 35:30 inakataza kumuua mtu kwa ushahidi wa mtu mmoja tu. Basi upanga hauendi bila ukweli.

Hapo ndipo penye shida kwetu. Rais Laurent-Désiré Kabila aliuawa tarehe 16 Januari 2001. Mwaka 2003, korti ya kijeshi iliwahukumu kifo watu wengi, na kati yao Kanali Eddy Kapend. Korti ile haikuwa na nafasi ya rufaa. Kapend alikana siku zote. Mwezi wa Januari 2021 alitoka gereza la Makala kwa msamaha wa Rais Tshisekedi. Kama hukumu ingetekelezwa, msamaha ungepelekwa kaburini. Mfungwa anaweza kufunguliwa, maiti haifunguliwi.

Tena, katika nchi hii, nani hukosa avoka? Ni maskini. Mwenye pesa hupata mlango wa kutokea. Korti inayonunuliwa haifai kupewa upanga usiorudi nyuma.

Katiba yetu, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu. Haikubagua mwema na mwovu.

Nilimwambia yule mama: hasira yako si dhambi, Zaburi zimejaa kilio kama chako. Ila haki unayoidai ni kubwa kuliko kifo cha kijana mmoja: uchunguzi wa kweli, korti isiyonunuliwa, kifungo kisichokatwa kwa rushwa, na kanisa lisilokusahau baada ya matanga. Alilia, akanyamaza. Sijui kama alikubali. Lakini karo ya watoto wake, parokia inalipa.

Na ninyi, ndugu, katika parokia zenu, nani anamtembelea mjane? Na nani anakwenda gerezani?