Trela kuukuu na ndoto ya wasio na hati ya ardhi

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, safari ya kumiliki chombo cha kuchukulia mizigo huanzia chini kabisa: mkokoteni, kisha pikipiki, kisha pikapu iliyokwisha kutumiwa na wengine. Mwenye kuota makubwa zaidi, au chama kilichoweka akiba kwa miaka, hulitupia jicho trela kuukuu. Bei yake ni nafuu kuliko ya jipya, na halina injini ya kuharibika. Hata hivyo, unafuu huo huficha maswali matatu: ni la nani kisheria, linaruhusiwa kubeba tani ngapi, na mzigo wake utatoka wapi? Atakayelipa kabla ya kuyajibu huenda akaizika akiba yake katika chuma kisichoweza kuingia barabarani.

Uzito wa suala hili unatokana na ardhi. Sehemu kubwa ya Kibera imesimama juu ya ardhi ya umma. Mnamo Juni 2017, jamii ya Wanubi, ambayo wazee wake walikuwa askari katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Wakazi wengine wengi hawana hati yoyote. Kule Kawangware, ardhi nyingi ina wenyewe, lakini wengi wanaoishi humo ni wapangaji. Benki inapodai dhamana ya shamba au ploti, watu hawa hubaki mikono mitupu.

Ni kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2017 kuhusu haki za dhamana katika mali inayohamishika ilikuwa na maana kubwa kwa mitaa kama hii. Iliweka sajili ya kielektroniki ambamo mkopeshaji huandikisha haki yake juu ya gari, mashine au mali nyingine isiyokuwa ardhi. Mtu asiye na ploti sasa anaweza kukopa kwa kutumia alicho nacho. Kwa familia ambayo haijawahi kuwa na hatimiliki, cheti cha usajili wa trela, ambacho wengi hukiita logibuku, kinaweza kuwa karatasi ya kwanza yenye thamani mbele ya mkopeshaji.

Lakini mlango huo una pande mbili. Ikiwa muuzaji aliweka trela rehani na hajamaliza kulipa, deni laweza kulifuata hadi mikononi mwa mnunuzi asiyejua lolote. Mnunuzi makini hukagua kumbukumbu mbili: zile za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), ili ajue trela limeandikishwa kwa jina la nani, na sajili ya dhamana, ili ajue kama kuna anayelidai. Kukagua moja na kuiacha nyingine ni sawa na kununua mbuzi ndani ya gunia.

Isitoshe, nchini Kenya trela husajiliwa peke yake. Lina nambari yake inayoanza kwa herufi Z, na logibuku yake iliyo tofauti na ya kichwa cha lori kinacholivuta. Anayeuziwa vyote viwili na kupewa logibuku ya kichwa pekee amenunua nusu ya mali. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye mali mpaka ithibitishwe vingine, na hairuhusu trela lililouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kuandikishwa. Mkataba ulioandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na marafiki unaweza kuwa ushahidi, lakini si umiliki. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la pili ni la tani. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha mwaka 2013 sheria ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo sasa ndiyo kipimo katika mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Kikomo cha juu ni tani 56, na hicho ni kwa gari lenye ekseli saba. Lenye ekseli sita haliruhusiwi kuzidi tani 50. Hesabu hiyo ni ya kila kitu: kichwa, trela na mzigo. Kwa hiyo trela zito la chuma kikuukuu, lenye ekseli chache, humwachia mwenyewe nafasi ndogo ya shehena inayolipiwa. Hapo ndipo bei nafuu inapogeuka ghali: kila safari hubeba kidogo kuliko ya mshindani, ilhali dizeli, dereva na utingo hugharimu takriban kile kile.

Swali la tatu ni la shehena yenyewe, nalo lahusu sana yale matrela ambayo sakafu yake ina ngazi: sehemu fupi ya mbele imeinuka juu ya shingo, na iliyobaki imeshuka karibu na magurudumu. Yaliundwa hivyo ili mzigo mrefu wa kwenda juu, kama tingatinga, tangi au mtambo wa kiwanda, upite chini ya madaraja na nyaya bila matatizo. Kwa kazi hiyo hayana mfano. Lakini shehena nyingi inayotoka bandari ya Mombasa huja katika makontena, na kontena la futi 40 halikai kwenye trela ambalo sehemu yake ya chini ni fupi kuliko hapo. Tena mzigo unaovuka vipimo vya kawaida huhitaji kibali maalumu cha Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA). Asiye na wateja wa mitambo atakuwa amenunua chombo kizuri cha kazi ya mtu mwingine.

Hata mwenye trela linalofaa hana uhakika wa kudumu. Reli ya kisasa ilianza kubeba mizigo Januari 2018. Agosti mwaka 2019, serikali iliagiza makontena ya kwenda Nairobi na nchi jirani yasafirishwe kwa reli, na wasafirishaji wa Mombasa wakaandamana kwa kuhofia riziki yao. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kuidhinisha mizigo zingerudishwa Mombasa. Katika muda wa miaka mitatu, amri moja ilitikisa thamani ya malori na matrela, na nyingine ikairejesha. Mwenye malori mia aweza kustahimili msukosuko wa aina hiyo. Chama chenye trela moja hakiwezi.

Je, watu wa Kibera na Kawangware waache ndoto hii? La hasha. Linalohitajika ni kubadilisha mpangilio wa hatua. Wengi huanza na bei, wakamalizia na karatasi. Ingefaa mzigo utangulie: mteja anayejulikana, na mwenye kichwa cha lori aliye tayari kuafikiana kwa maandishi, kwa maana trela lisilo na wa kulivuta ni mzigo lenyewe. Kisha zifuate kumbukumbu mbili. Baadaye fundi asiyelipwa na muuzaji alinganishe nambari ya chesisi na iliyo kwenye logibuku, na achunguze nyufa zilizochomelewa, hasa pale sakafu inapokunjika, pamoja na kingipini, springi na breki. Fedha ziwe za mwisho.

Chama nacho kiamue mapema logibuku itaandikwa kwa jina la nani, kwa kuwa jina la mwanachama mmoja, akifa au akigeuka, laweza kuwaacha wenzake wakibisha mlango wa mahakama.

Serikali, kwa upande wake, ina deni. Kama ilidhamiria kwa dhati kuifanya mali inayohamishika kuwa dhamana ya maskini, basi ni sharti mnunuzi aweze kuona umiliki na rehani kwa ukaguzi mmoja, wa bei nafuu na kwa lugha anayoielewa. Bila hivyo, sheria iliyotungwa kumwinua asiye na ardhi itaendelea kumnufaisha zaidi yule mwenye wakili.